Pawa saplai ya kujiundia imegoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaojiundia saketi nyumbani: kidhibiti cha mashine ya kutotolesha vifaranga, amplifaya ndogo ya sebuleni, kengele ya geti, chochote chenye Arduino au ESP32 (bodi ndogo za kompyuta) ndani. Mfano ninaoutumia ni pawa saplai ya kawaida kabisa: transfoma ya kushusha umeme wa ukutani hadi 12 V, briji ya daiodi nne, kapasita ya 2200 µF, na regyuleta ya 7805 inayotoa 5 V. Moduli za kushusha volti na chaja za kisasa zimo pia, mbele kidogo.

Nimechomeka, hakuna kinachowaka. Nianze kubadilisha nini?

Usibadilishe kitu bado. Watu wengi hung'oa regyuleta kwanza, si kwa sababu ndiyo mbovu, bali kwa sababu ndiyo rahisi kung'oa. Chukua mita, anzia ukutani, ufuate njia ya umeme hatua kwa hatua.

Mita ikiwa kwenye AC, pima soketi. Kisha pima baada ya fyuzi na swichi, halafu sekondari ya transfoma, yaani upande wake wa kutokea. Transfoma ndogo ya 12 V isiyo na mzigo husoma 13, 14, hata 15, na hiyo si hitilafu. Geuza mita iwe DC upime kwenye miguu ya kapasita kubwa: hapo tegemea kati ya 16 na 19 V. Kisha pini ya kuingilia ya 7805, ambayo lazima isome sawa na kapasita. Mwisho pini ya kutokea: 4.8 hadi 5.2 V. Pale namba inapopotea, tatizo liko kati ya hapo na mahali ulipopima mwisho ukaipata.

Upande wa 230 V (Kenya 240 V) usiuchezee kwa ncha za mita mkononi. Chomoa plagi, bana klipu za mamba mahali unapotaka kupima, weka mikono pembeni, ndipo uchomeke na kusoma. Chomoa tena kabla ya kuhamisha klipu. Ni kazi ya polepole na inachosha, lakini mafundi waliozeeka kazini ndivyo wanavyofanya.

Na fyuzi ya kioo usiiamini kwa macho. Itoe, ipime kwa mlio wa mita.

Mita inasoma 5 V safi kabisa, lakini Arduino inawaka na kuzima. Pawa saplai si ni nzima?

Si lazima. Hili ndilo swali linalokuja kuliko yote, na jibu lake ndilo linalotatua nusu ya maswali mengine hapa.

Mita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa takriban megaomu 10. Maana yake haivuti mkondo wowote wa maana. Ukiwa na kiungo kibovu cha risasi chenye ukinzani wa omu 2, mita itapita juu yake bila kuhisi na kukuonyesha 5 V. Ukifunga mzigo unaovuta 0.5 A, kiungo hicho kinakula 1 V peke yake. Saketi yako inabakiwa na 4 V na inaanza kuyumba. Ukichomoa mzigo ili upime, 5 V zinarudi. Unabaki unajiuliza kama kuna jini.

Kwa hiyo pima pawa saplai ikiwa inafanya kazi. Kama hutaki kuhatarisha saketi yenyewe, weka mzigo wa bandia: rezista ya 10 Ω ya wati 5 kwenye 5 V itavuta 0.5 A. Itapata joto, iweke juu ya kigae au kipande cha bati, si juu ya meza ya plastiki. Upande wa 12 V, taa ya indiketa ya pikipiki ya 12 V, 10 W inavuta karibu 0.8 A na hupatikana kwa fundi yeyote wa bodaboda. Volti zikishuka mara tu taa inapowaka, umempata mwizi kazini.

Sasa mtafute alipo. Mita ibaki kwenye DC, ncha moja mwanzo wa waya, nyingine mwisho wa waya huohuo, mzigo ukiwa unavuta. Waya mzuri husoma karibu na sifuri. Ukiona 0.3 V kati ya ncha mbili za waya mmoja, au kati ya pini ya regyuleta na waya uliolehemiwa juu yake, hapo ndipo volti zinapoliwa. Pima hivyo upande wa chanya, kisha usisahau upande wa graundi. Wengi huishia chanya tu.

Washukiwa wa kawaida: bredibodi iliyolegea, zile nyaya nyembamba za rangi zinazouzwa kwa fungu, soketi ya DC ya mviringo ambayo pini yake ya kati ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, na kebo za USB za bei ya chee ambazo ndani yake shaba ni ya kuhesabu.

Inazima tu pale moduli ya simu au WiFi inapotuma. Muda mwingine wote iko sawa.

Mkondo unapanda ghafla. Moduli ya simu ya SIM800L inahitaji kati ya 3.4 na 4.4 V, na inapotuma kwenye mtandao wa GSM huvuta hadi 2 A kwa vipande vya muda chini ya milisekunde moja. Mita haiwezi kuona kitu kifupi hivyo, itakuonyesha wastani tu. Usiilishe kutoka pini ya 5 V ya Arduino, na usiilishe 5 V hata kidogo. Weka moduli yake ya kushusha volti, ipange 4 V, kisha lehemu kapasita ya 1000 µF au zaidi karibu kabisa na pini zake, si mwisho wa waya wa sentimita 20.

ESP32 ina adabu zaidi, kwani husema yenyewe. Ukisoma kwenye skrini ya kompyuta ujumbe wenye neno *brownout*, yaani volti zimeshuka mno, usitafute kosa kwenye programu. Ipe chanzo chenye uwezo wa 500 mA au zaidi na kapasita karibu na pini.

Fyuzi inakatika kila nikiwasha.

Itazame kabla ya kuitupa. Kioo kikiwa cheusi au chenye rangi ya fedha ndani, imekufa kwa shoti kubwa. Kama ni waya tu umekatika katikati na kioo kiko safi, huenda mzigo ulizidi kidogo au fyuzi ni ya aina isiyofaa. Transfoma inapowashwa huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana, hasa zile za mviringo kama donati, hivyo inahitaji fyuzi ya kuchelewa, yenye herufi T ubavuni. Yenye F hukatika bila kosa la mtu.

Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kuizungushia karatasi ya sigara si ufundi. Funga balbu ya waya, ile ya zamani inayotoa joto, ya 60 W au 100 W, mfululizo na waya wa laivu. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Ukiwasha, balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, pawa saplai iko salama. Ikibaki inang'aa kwa nguvu zote, kuna shoti, na balbu imeibeba hasara badala ya transfoma yako. Sasa achanisha sekondari na briji. Balbu bado inang'aa? Transfoma imekufa. Imefifia? Tatizo ni briji, kapasita au mbele yake.

Daiodi hupimwa kwa alama ya daiodi kwenye mita: upande mmoja isome kati ya 0.5 na 0.7, upande mwingine isisome kitu. Ikilia pande zote mbili, ni shoti. Briji ikipiga shoti mara nyingi huondoka na daiodi mbili, kwa hiyo pima zote nne.

Regyuleta inachoma kidole, saketi inazima baada ya dakika chache, ikipoa inarudi. Ni feki?

Inawezekana, lakini piga hesabu kwanza. 7805 haibadilishi volti za ziada kuwa mkondo. Inazichoma kuwa joto. Ukiingiza 16 V ukatoa 5 V kwa 0.5 A, tofauti ni 11 V, mara 0.5, unapata 5.5 W. Bila bati la kupozea, regyuleta ya umbo hilo inahimili kama 1.5 W hivi katika chumba chetu cha nyuzi 30. Zaidi ya hapo inajizima yenyewe ili isife, ndivyo ilivyoundwa. Kuzima na kurudi ni dalili ya uzima.

Una njia tatu. Ifungie bati la alumini la ukubwa wa kiganja, ukipaka krimu ya kupitisha joto katikati. Au badilisha transfoma: ya 9 V inakupa takriban 11 V kwenye kapasita, na joto linashuka kwa karibu nusu. Usishuke hadi transfoma ya 6 V, maana 7805 inataka angalau 7 V kwenye pini ya kuingilia na hutazipata mzigo ukiwa umefungwa. Njia ya tatu, ambayo ningeichagua mimi kwa kitu chochote kinachozidi 0.5 A, ni kuachana na 7805 na kuweka moduli ya kushusha volti.

Arduino Uno iliyolishwa 12 V kupitia soketi yake ya mviringo ina tatizo hilohilo kwa udogo wake. Regyuleta iliyo juu ya bodi haina bati lolote.

Amplifaya inavuma "mmmm" hata bila muziki.

Kapasita ya kuchuja haitoshi, imekauka, au daiodi moja ya briji imekatika. Kwa umeme wetu wa 50 Hz, briji nzima hujaza kapasita mara 100 kwa sekunde. Kati ya kujazwa na kujazwa, volti hushuka kwa kiasi cha mkondo ukigawa kwa mia, ukigawa tena kwa ukubwa wa kapasita. Kwa 1 A na 2200 µF, hiyo ni kama 4.5 V za kupanda na kushuka. Kwa 4700 µF, karibu 2 V.

Huna osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme? Weka mita kwenye AC pale kwenye kapasita, mzigo ukiwa umefungwa. (Baadhi ya mita za bei nafuu husoma AC vibaya mbele ya DC. Kama yako inakupa namba za ajabu, tia kapasita ya 1 µF isiyo na chanya na hasi mfululizo na ncha moja.) Zidisha unachosoma kwa 3.5 upate kimo cha wimbi. Mita ikionyesha 1 V, volti zako zinapanda na kushuka kwa karibu 3.5 V.

Daiodi moja ikikatika, kapasita inajazwa mara 50 tu badala ya 100, wimbi linaongezeka mara mbili, na mvumo unakuwa mzito zaidi masikioni. Pima daiodi kabla ya kununua kapasita kubwa.

Kuna kisa kimoja kinachowapata wengi jioni: pawa saplai yenye 7812 (regyuleta ya 12 V) juu ya transfoma ya 12 V. Mchana iko sawa, saa mbili usiku umeme mtaani ukipungua hadi 200 V inaanza kuvuma. 7812 inahitaji angalau 14 V wakati wote, pamoja na mabonde ya wimbi, na transfoma ya 12 V inafika hapo kwa shida hata umeme ukiwa kamili. Weka transfoma ya 15 V.

Kapasita imevimba kichwa.

Badilisha. Kisha tafuta sababu: volti zilizoandikwa ni ndogo, imefungwa kinyume (mstari ubavuni ni hasi), au imekaa karibu na bati la moto. Kwa transfoma ya 12 V, kapasita ya 16 V ni bomu, kwa sababu kilele cha 12 V AC ni 17 V hata kabla umeme wa mtaa haujazidi. 25 V ndiyo ya chini, na kwa transfoma ya 15 V weka 35 V. Kapasita mbovu si lazima ivimbe, nyingi hukauka kimyakimya.

Nimefunga regyuleta tatu kwenye bati moja. Kila nikiwasha moja inaungua.

Mgongo wa chuma wa regyuleta hizi umeunganishwa ndani na pini mojawapo, na si ileile kwa zote. Kwenye 7805 na ndugu zake wa chanya, mgongo ni graundi. Kwenye 7905 na wenzake wa hasi, mgongo ni pini ya kuingilia. Kwenye LM317, ambayo volti zake hurekebishwa, mgongo ni pini ya kutokea. Ukizifunga kwenye bati moja bila karatasi ya maika na bushi ya plastiki kwenye skrubu, umezipiga shoti kwa mkono wako. Baada ya kufunga, pima mlio kati ya bati na kila mgongo kabla ya kuwasha.

Mpangilio wa pini nao haufanani. Ukiitazama usoni, kushoto kwenda kulia:

7805: kuingilia, graundi, kutokea.
7905: graundi, kuingilia, kutokea.
LM317: kurekebisha, kutokea, kuingilia.

Na kapasita ndogo mbili karibu na pini za 7805, 0.33 µF kwenye kuingilia na 0.1 µF kwenye kutokea, si mapambo. Bila hizo regyuleta inaweza kutetemeka ndani kwa ndani ikatoa volti za ajabu na joto lisiloelezeka.

LM317 yangu imekwama juu, potenshiomita haifanyi kitu.

Ikitoa volti zilizo pungufu kidogo tu ya zinazoingia, pini ya kurekebisha haijafika popote: potenshiomita imekatika au waya umeachia. Ikikaa 1.25 V, pini hiyo imegusa graundi. Ikipanda bila mzigo na kushuka ukifunga mzigo, rezista kati ya pini ya kutokea na ya kurekebisha ni kubwa mno. Weka 240 Ω, au 120 Ω kama unataka uhakika, kwani LM317 inahitaji mkondo mdogo wa kupita muda wote.

Transfoma haitoi kitu, na haina harufu ya kuungua.

Chomoa, pima omu za upande wa 230 V. Transfoma ndogo husoma makumi hadi mamia ya omu. Kama mita haisomi kabisa, transfoma nyingi za leo zina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya utepe wa njano, imeshonwa na koili. Ikikatika hairudi. Wapo wanaofungua utepe na kuiunganisha moja kwa moja. Usifanye hivyo: ilikatika kwa sababu kitu kilipata moto. Ukiweza kuifikia, weka nyingine yenye nyuzi zilezile, na isilehemiwe karibu na kiini chake, maana joto la kulehemu litaikata palepale.

Nimezungusha skrubu ya moduli ya kushusha volti ya LM2596, volti hazibadiliki.

Endelea kuzungusha. Ile potenshiomita ndogo ya bluu ina mizunguko mingi, na moduli mpya mara nyingi hufika ikiwa imepandishwa mwisho, kwa hiyo utazunguka na kuzunguka kinyume cha saa kabla namba haijaanza kushuka. Fanya hivyo *kabla* ya kufunga mzigo. 3 A zilizoandikwa kwenye tangazo ni za moduli iliyopozwa vizuri. Bila bati, panga 2 A au chini ya hapo.

Nyumbani tuna sola. Nifunge 7812 kupata 12 V thabiti kutoka betri ya 12 V?

Haiwezekani. Betri ya risasi iko kati ya 11 na kitu ikikaribia kuisha na 14.4 V ikichajiwa, na 7812 inahitaji 14 V kuingia. Utapata 10 V usiku, muda ambao ndio unahitaji mwanga. Kwa 12 V thabiti tumia moduli inayopandisha na kushusha. Kwa 5 V, moduli ya kushusha inatosha na haipotezi chaji ya betri kama 7805.

Nikigusa boksi la chuma nahisi kama ninatekenywa.

Chaja za kisasa zisizo na waya wa ethi zina kapasita ndogo kati ya upande wa 230 V na upande wa chini. Mita itakusomea hata 100 V kati ya boksi na ethi, ingawa mkondo wenyewe ni mdogo sana. Lakini usichukulie kwamba ndicho kisa chako. Bana klipu, plagi ikiwa nje, kati ya boksi na ethi ya kweli, ukiwa umefunga rezista ya 47 kΩ ya wati 2 sambamba na mita, kisha uchomeke. Volti zikianguka hadi chini ya 15 hivi, ni ule uvujaji mdogo. Zikibaki kwenye mamia, 230 V imefika kwenye boksi: chomoa, usirudishe mpaka upate inapovuja. Kwa boksi la chuma lenye transfoma, waya wa ethi ufungwe kwa skrubu yake mwenyewe, si ile inayoshikilia transfoma.

Rilei (swichi inayoendeshwa na koili) ikibofya, Arduino inaanza upya.

Daiodi ya 1N4007 sambamba na koili ya rilei, mstari wake ukielekea chanya. Koili ilishwe kwa njia yake, si kupitia bodi.

Naweza kufungua chaja iliyokufa nitumie spea zake?

Ndani kuna kapasita kubwa ya 400 V inayobeba takriban 325 V DC, na inaweza kuzishikilia baada ya kuchomoa. Iguse kwa rezista ya 10 kΩ ya wati 5 yenye miguu iliyofunikwa, hesabu hadi kumi, kisha pima. Bisibisi haifai kwa kazi hiyo: inapiga cheche na kutoboa njia za shaba. Kama hujawahi kufanya kazi na volti hizo, nunua chaja nyingine.

Umeme ukikatika na kurudi, regyuleta zinakufa. Kuna kinga?

Varistori (kijenzi kinachomeza volti zinapozidi) ya 275 V, nyingi huandikwa 14D431, kati ya laivu na nyutro, *baada* ya fyuzi. Ikizidiwa itapiga shoti na kukata fyuzi. Ukiona fyuzi imekatika na varistori imepasuka, imefanya kazi yake, badilisha zote mbili.

Nimefuata yote haya na namba bado hazieleweki.

Pima mita yenyewe. Betri ya 9 V ndani ya mita za bei nafuu ikiisha, mita husoma *juu* kuliko ukweli, na utaona 5.8 V kutoka kwa 7805 isiyo na kosa. Hakikisha pia waya mwekundu haukubaki kwenye tundu la 10 A baada ya kupima mkondo mara ya mwisho, kwa sababu kwenye tundu hilo mita ni kama kipande cha waya, na utakachopima kitapiga shoti.